Jumwa Haihami

Vita vya Hitla vilikula madereva kuliko vilivyokula petroli. Hilo halikutangazwa popote, lakini pale Changamwe, kwenye gereji ya mabasi ya tajiri Jaferali, hakuna aliyehitaji kutangaziwa. Kabla ya vita walikuwa madereva saba. Katana na Karisa walichukuliwa kuendesha malori ya jeshi Habeshi, na kutoka huko wakapelekwa Bama, ng'ambo ya bahari kupigana na Wajapani, ambako hata salamu hazikuwa na hakika ya kurudi. Watatu wengine wakafuata, mmoja kwa hiari yake na wawili kwa kushikwa mkono. Mwaka wa arobaini na nne ulipoingia, mabasi manne yalikuwa yamepangwa uani yakiota kutu, kuku wa majirani wakitaga chini ya viti, na madereva waliobaki walikuwa wawili tu, Gona na Boga.

Gona alibaki kwa sababu ya goti. Ujanani alianguka kutoka juu ya mnazi akigema, na tangu hapo goti lake la kushoto halikukunjika sawasawa. Daktari wa jeshi alimwamuru achuchumae, akashindwa, akafukuzwa kwa dharau kana kwamba ni yeye aliyeomba kwenda kufa. Mguu huohuo ulikanyaga klachi mchana kutwa bila kunung'unika. Boga, Mdigo wa Likoni, alibaki kwa sababu ya mvi. Lakini siku hizo watu walikuwa wakisema daktari hachagui tena, mradi mtu ajue gia. Kilichowakinga wawili hao ni neno la tajiri. Kila maafisa wa jeshi walipokuja kutafuta watu, Jaferali aliwaambia kwamba hawa wanahitajika papa hapa, kubeba vibarua wa kambi ya Miritini. Neno hilo lilikuwa lake kulitoa, na lake kulirudisha mfukoni siku atakayo.

Sasa, njia iliyoleta maneno yote haya ni ile ya milimani, inayotoka Changamwe ikapita Miritini na Mazeras, ikapanda Rabai hadi soko la Wagiriama lililo mbele yake. Huko juu juma lina siku nne. Watu hulima siku tatu, na ya nne ni Jumwa. Jembe linapumzika na soko linakutana. Mwenye kuhesabu kwa siku saba ataiona Jumwa inatangatanga, leo iko Jumatatu, mara ijayo Ijumaa, kisha Jumanne. Haitangatangi hata kidogo. Zinazotangatanga ni hizo saba, ila jaribu kumwambia hivyo mtu mwenye kalenda ukutani.

Wakati wa madereva saba hakuna aliyeumiza kichwa. Mtu alisema tu pale gerejini kwamba kesho Jumwa, na dereva mmoja akapanda. Alishuka na vyungu, mikeka, tumbaku na kuku waliofungwa miguu, akapandisha chumvi, mafuta ya taa na ng'onda, samaki wa kukausha. Mwaka huo wa arobaini na nne mvua ya masika ilikuwa imekosa adabu kabisa, na hata unga ulipanda kwa basi hilohilo. Gona mwenyewe nyumba yake ilikuwa huko, na mkewe Kanze, na dada yake mkubwa Nyevu aliyefinyanga vyungu. Hakuwahi kuficha kwamba njia hiyo aliipenda kuliko zote.

Aliyepanga safari za mabasi alikuwa karani Kahindi, na Kahindi alikuwa mtoto wa Nyevu. Mjomba yake ni nani kama si Gona? Alisomea misheni, akajifunza kuvaa soksi na kuandika mwandiko wa kulala, na watu wa milimani walimwonea fahari hadi siku alipowapangia mpango. Si mtu mbaya Kahindi, na hilo ndilo lililoudhi zaidi. Angekuwa mbaya, Gona angejua pa kumshika.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Kambi ya Miritini ilitaka vibarua wake wafikishwe asubuhi na kurudishwa jioni, mabasi mawili yakienda pamoja, madereva wote wawili. Siku moja tu, Jumatano, jeshi lilitoa lori lake likasaidia, na dereva mmoja akabaki bure. Kwa hiyo Kahindi akaamua kwamba basi la milimani litapanda Jumatano, Jumatano peke yake, vita viishe visiishe. Tajiri naye akaongeza lake. Gona apande akawaambie wazee wa soko waihamishie Jumwa hiyo Jumatano. Basi likiwa haliwezi kufuata soko, soko lifuate basi. Aliyasema kwa upole, kama mtu anayeomba kiti kisogezwe kidogo.

Gona alipanda na ujumbe huo siku ya Jumwa ya mwisho kabla mpango haujaanza, na njia nzima aliona haya. Alisimama katikati ya soko, akausema mara moja kwa sauti ya kusikika. Kwanza watu walicheka. Mzee Kalama alicheka hadi tumbaku ikamdondoka mdomoni. Halafu walipomwona Gona hacheki, kicheko kikakatika, na soko lote likamtolea macho kana kwamba yeye ndiye aliyelibuni jambo hilo. Nyevu akainuka kutoka kwenye vyungu vyake. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiyejua kunong'ona.

"Jumwa haihami," alisema. "Watoto wetu tumewaita kwa siku hii. Tukiihamisha, kina Jumwa wote hawa tuwaite nani? Mwambie tajiri wako sisi hatujamtaka aisogeze Ijumaa yake ili itufae. Na huyo karani wake mwambie, mamake atatembea."

Na akatembea kweli. Jumwa iliyofuata alijitwika vyungu vyake hadi Mazeras kwenye stesheni ya gari la moshi, mteremko wote ule na jua lote lile, na wanawake wengine nyuma yake. Vyungu viwili vilivunjika njiani. Jioni walipanda na unga kidogo tu, kwa sababu kichwa cha mtu kina kipimo chake, na unga wa kutosha mji haubebeki kwa kichwa.

Jumatano nazo Gona alipanda na kushuka peke yake. Mpango ulikuwa mpango. Alisimama kila kituo, akapiga honi, akangoja. Wanawake walikuwa mashambani pembeni mwa barabara wakipanda mbegu upya baada ya zile za kwanza kukauka. Waliinua migongo, wakamsalimu kwa heshima, wakamuulizia hali ya goti lake, kisha wakainama tena kwenye majembe. Walikuwa na haja ya basi lile kuliko kitu kingine chochote, na hakuna hata mmoja aliyetia mguu. Gona aliwaonea huruma, akawaonea fahari, na akaudhika nao pia, maana kuendesha viti vitupu kunachosha kuliko kuendesha mzigo.

Mara moja tu Jumatano na Jumwa zilikutana. Siku hiyo basi lilijaa hadi juu ya paa, na Gona aliimba kuanzia Rabai hadi Miritini. Jumatano iliyofuata likawa tupu tena. Jaferali alipoona hesabu ya abiria alisema kile ambacho tajiri yeyote angesema. Njia isiyo na watu haina haja ya dereva, na mwisho wa mwezi itafungwa.

Kahindi ndiye aliyemletea Gona habari hizo uani, akiwa amesimama mbali kidogo na mafuta ya injini. Alimwamkia shikamoo mjomba, akaitikiwa marahaba, akasema alichotumwa. Gona alikuwa chini ya basi. Alitoka polepole, goti likimsumbua, akamuuliza kijana wake kama kweli hajui ni kwa nini basi linapanda tupu.

"Najua, mjomba," alisema Kahindi. "Nimezaliwa kule. Lakini madereva ni wawili. Jumwa ikiwa Jumatatu nitamtoa nani kambini? Ikiwa Alhamisi je? Nipe dereva wa tatu, nami nitakupa Jumwa."

Jibu hilo lilimkera Gona kuliko habari yenyewe. Alijua kijana hasemi uongo. Alirudi chini ya basi, akakaza nati iliyokuwa imekwisha kukazwa, na hapo chini ndipo alipopiga moyo konde. Wa tatu hayuko. Basi hao wawili watatosha, wapende wasipende.

Jumapili akavuka feri kwenda Likoni kwa Boga. Boga alimkaribisha barazani, na mkewe Mwanasaumu akaleta kahawa na tende chache, akiomba radhi kwamba sukari imekuwa adimu. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka mingi na hawakuwahi kutembeleana. Dereva na dereva hukutana njiani tu, hupungiana mkono, basi. Gona akamweleza shida ya milimani. Boga alisikiliza hadi mwisho bila kukatiza, kisha akatoa ya moyoni mwake. Tangu mpango wa kambi uanze hakuwa ameswali Ijumaa msikitini. Saa ya hotuba yeye yuko Miritini chini ya mwembe wa mlangoni pa kambi, amewekwa tayari kama ndoo, akimngoja msimamizi asiyejua saa ngapi atamhitaji. Alimwomba tajiri, na tajiri akamwambia avumilie, wakati wa vita. Tajiri huyohuyo Ijumaa hufunga ofisi na kwenda kuswali.

Wakakaa hapo barazani wakaupanga upya mpango wote kwa midomo yao. Siku ya Jumwa Boga atawahi alfajiri, abebe vibarua kwa safari mbili peke yake, na Gona apande milimani. Siku ya Ijumaa Gona atabaki kambini kwa wote wawili, na Boga aende msikitini kwa utulivu. Na Jumwa ikiangukia Ijumaa? Hapo mpango ulikwama. Mwanasaumu, aliyekuwa akiokota vikombe, akasema kwamba safari mbili za alfajiri haziingilii swala ya adhuhuri, na soko halikai mpaka jioni, kwa hiyo Boga abebe watu asubuhi na Gona awahi kushuka awarudishe. Wakatazamana kama watu waliokuwa wakitafuta ufunguo ulio mkononi. Wallahi, alisema Boga, huyu tungempa kazi ya Kahindi.

Kahindi alipoelezwa mpango huo aliusikiliza mara mbili. Alitafuta kosa, na alilolipata lilikuwa dogo. Kundi la pili la vibarua lingechelewa kidogo kufika kambini. Uso wake uligeuka, akaonekana tena mtoto wa Nyevu. Akaenda nao mwenyewe hadi kwa tajiri, na akausema vizuri kuliko wao walivyousema.

Jaferali hakuwa mkali kwa tabia. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye mabasi sita asiyejua kugeuza hata moja, na gari lake dogo lilikuwa juu ya mawe kwa kukosa tairi. Msimamizi wa kambi alimfokea kila juma, naye alijikuta hana wa kumfokea. Siku hiyo akampata. Alisema hajaona popote dereva akipanga safari. Akianza Gona kuchagua siku yake na Boga yake, kesho watachagua na barabara. Alimtania Gona kwamba hilo soko lake ni kisingizio tu, anamtamani mke. Gona akamjibu kwamba ndiyo, mke pia, na hapo Jaferali akakasirika kwa kukosa kicheko alichokitarajia.

"Sikilizeni," alisema. "Mnaendesha mabasi kwa sababu nimesema mnahitajika hapa. Siku nitakayosema hamhitajiki, mtakwenda mlikokwenda wenzenu. Mnanielewa?"

Walimwelewa. Nani asingeelewa? Boga alitazama chini. Gona alitoka ofisini, na hofu ilikuwa ya kweli. Aliwaza Katana na Karisa, na mama ya Karisa ambaye kila Jumwa alikuja kwenye dirisha la basi kuuliza kama kuna neno. Lakini chini ya hofu palikuwa na kitu kingine kigumu zaidi. Alikuwa amepeleka ujumbe wa tajiri sokoni kama alivyotumwa. Alikuwa ameendesha viti vitupu kama alivyoamriwa. Kila alichoambiwa alikifanya, na malipo yake ni kutishwa kama mwizi. Alimwambia Boga uani, bila kupandisha sauti, kwamba Jumwa inayokuja ni Ijumaa, na yeye atapanda. Boga akasema inshallah, kisha akaongeza kwamba hakusema hivyo kwa kumridhisha. Atakuwa kwenye usukani kabla jogoo wa pili hajawika.

Na ikawa hivyo. Ijumaa alfajiri Boga alibeba kundi la kwanza, akarudi mbio akabeba la pili. Gona akawasha basi lake, na badala ya kuingia Miritini kulia kwenye lango la kambi, akanyoosha. Pale Mazeras aliwakuta wanawake waliokwisha kuteremka na mizigo vichwani. Alifunga breki, akafungua mlango. Waligeuka wote pamoja, wakapanda, na kuanzia hapo honi haikunyamaza mpaka sokoni. Siku ile milimani kulikuwa na patashika. Vyungu vilipakiwa kwa majani makavu, magunia ya unga aliyokwisha kuyapakia Changamwe yakateremshwa, na Nyevu akampa mdogo wake jogoo mzima, yeye ambaye hakuwa na desturi ya kutoa. Jua likiwa bado juu, Gona alikuwa kambini, na vibarua wakarudishwa makwao wote.

Waliochelewa asubuhi walichelewa kidogo tu, lakini msimamizi wa kambi alikwisha kumfuata Jaferali kumfokea. Jioni tajiri aliwangoja uani amesimama, Kahindi kando yake. Akamwambia Gona akabidhi hendeli ya kuwashia gari. Amefutwa. Na Jumatatu jina lake litapelekwa kwa maafisa wa jeshi.

Gona akaiweka hendeli chini, miguuni pa tajiri, taratibu.

"Lipeleke," alisema. "Na uwaambie niko wapi, wasihangaike. Jumwa niko sokoni."

Boga, aliyekuwa amerudi kazini baada ya swala, alikuwa bado kwenye basi lake. Alizima injini, akateremka kwa shida kwa sababu ya umri wake, akaenda akaiweka hendeli yake juu ya ile ya Gona. Chuma kiligonga chuma. Akamuaga kila mtu kwa adabu, akaenda zake kuwahi feri. Tajiri alimgeukia Kahindi kama mtu anayengoja kuambiwa afanye nini. Mpango wa karani ulikuwa mzuri, lakini haukuwa na wa kuuendesha.

Gona akaenda kwake milimani. Jumamosi ikapita, Jumapili ikapita, Jumatatu ikapita, na kila mlio wa mbwa Kanze alishtuka. Alimsihi mumewe aende akakae kwa jamaa ndani ndani, mpaka mambo yapoe. Gona akakataa. Jumanne ilikuwa Jumwa, akavaa koti lake la kazi, akachechemea hadi sokoni, akakaa juu ya gogo katikati ya vyungu vya dada yake, mahali ambapo hata mgeni angemwona. Nyevu naye akamwambia ajifiche, angalau leo. Gona akamjibu kwamba hakuiba basi la mtu wala hakuua, na kama ni kuchukuliwa, atachukuliwa mchana, soko likiona. Alikuwa akiogopa, na hakujali nani anajua kwamba anaogopa.

Jua lilipopanda, mtu akasema kuna watu wawili wanakuja kwa mguu kutoka njia ya Rabai, wageni, watu wa mjini. Askari hao, wakasema wengine. Soko likatulia. Wanawake wakaacha bidhaa zao, wakaja mmoja mmoja wakasimama mbele ya gogo alilokalia Gona, hawajaitwa na mtu, mpaka yeye akawa haoni tena barabara isipokuwa migongo yao. Mama ya Karisa alikuwa wa kwanza mbele, na mchi mkononi. Gona akainuka, hakutaka kukutwa amekaa.

Hawakuwa askari. Alikuwa tajiri Jaferali, koti begani, viatu mkononi, soksi zimegeuka rangi ya udongo, na Kahindi nyuma yake amebeba mwavuli uliokuwa umevunjika ubavu. Walikuwa wamekuja kwa gari la moshi hadi Mazeras, na kutoka Mazeras walikuja kama mama yake karani alivyokwenda. Wanawake hawakupisha mpaka Gona alipowaomba. Nyevu akachota maji kwa kata, akampa Jaferali, maana mgeni ni mgeni, na alipomaliza kunywa akamwambia, "Ndiyo njia yenyewe hiyo, tajiri." Mwanawe hakumpa maji mpaka alipomwamkia.

Jaferali alisema kilichomleta bila kuzunguka. Jina la Gona hakulipeleka. Jumamosi vibarua walisimama barabarani hadi jua kali, na Jumatatu tena, na mkubwa wa kambi akamwita akamwambia kwamba yeye hataki sababu, anataka mabasi. La sivyo jeshi litayachukua yote sita na tajiri abaki na uwanja. Alitafuta dereva Mombasa nzima, hakuna. Alimtuma mtu Likoni kwa Boga, na Boga akajibu kwamba hashiki usukani Gona asiposhika. Alitaka kumfuata Gona tangu Jumapili, lakini hakujua nyumba yake, na Kahindi alikataa kumwonyesha, akisema mjomba alikwisha kutaja mwenyewe siku na mahali. Alichojua ni neno lile la Jumwa, na imembidi aulize watu stesheni, na vibarua, na mpishi wake, Jumwa ni lini.

"Mpango wenu naukubali," alisema. "Jumwa yako na Ijumaa ya Boga."

Kahindi alikuwa akitazama vidole vya miguu yake. Aliinua kichwa, akasema kwamba kundi la pili la kambini litapewa saa yake, ameshazungumza na msimamizi mwenyewe, hapana atakayelia tena kuchelewa. Aliyasema akimtazama mama yake, si tajiri.

Gona alitazama soko, lililokuwa likiwasikiliza.

"Wewe ulinituma mimi niwaambie wahame," alisema. "Sasa waambie mwenyewe."

Jaferali alisita. Hakuwa amezoea kusimama mbele ya watu bila meza. Lakini alisogea hadi katikati ya vyungu, miguu mitupu, akasema kwa sauti iliyokauka kwamba basi litakuja kila Jumwa. Wa nyuma wakasema hawakusikia. Akarudia kwa nguvu. Kila Jumwa? aliuliza mama ya Karisa. Kila Jumwa, alisema Jaferali. Hakuna aliyepiga vigelegele. Watu waliitikia kwa vichwa, kama wanavyoitikia bei iliyofika panapostahili, na soko likaendelea.

Basi Jaferali akajifuta jasho, akaona kazi imekwisha. Akamwambia Gona wafanye haraka, gari la moshi la kushuka halingoji, na kesho alfajiri vibarua wako barabarani.

"Alfajiri nitakuwa kwenye usukani, una neno langu," alisema Gona. "Lakini leo Jumwa. Leo niko sokoni na watu wangu."

"Na mimi nirudi vipi mpaka Mazeras?"

Gona aliitazama barabara, ile nyeupe inayoteremka Rabai kwa vumbi na mawe, akaitazama miguu ya tajiri wake, na hakucheka hata kidogo.

"Kwa basi ungefika sasa hivi, tajiri," alisema. "Lakini dereva hukuwa naye."

Jaferali akakaa kwenye gogo na kuanza kuvaa viatu.